Ngoma Iliyoingia Uwanjani Kabla ya Kipenga

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mashamba ya Ilesi, na Elkanah Muhalia amepiga goti mbele ya ngoma ambayo haijawahi kulia. Ngozi ya mbuzi aliyoiwamba juzi imekauka. Anaipapasa kwa kiganja, anakagua ukingoni alikopigilia vijiti vya mwanzi, kisha anainua mkono wa kulia na kuipiga. Mara moja.

Anatega sikio mpaka mlio uishe. Anachukua kisu, anakwangua upande mmoja ambako ngozi imebaki nene, anapiga tena. Mara moja. Sasa ameridhika. Anaiweka kando, anavuta nyingine.

Hivi ndivyo mzee huyu wa miaka hamsini na tisa anavyofanya kazi tangu Aprili mwaka jana. Anachonga isukuti, ngoma za Waisukha na Waidakho, lakini yeye mwenyewe hazichezi. Mteja akitaka kusikia zinavyolia pamoja, zote tatu, baba, mama na mtoto, humwambia ajipigie mwenyewe.

Pikipiki inapita barabarani ikielekea Kakamega mjini, imebeba abiria wawili. Mwendeshaji anapunguza mwendo na kupaza sauti: "Mzee, mechi imeisha?"

Abiria wanacheka. Elkanah hainui kichwa. Mkewe, Maximilla, anayepanga vyungu vyake vya kuuza kando ya lami, anasonya.

"Kila siku," asema Maximilla. "Kuna siku nilihesabu wakafika kumi na mmoja. Timu nzima."

Swali hilo la boda boda lina historia ya miezi kumi na minne. Ni swali dogo, la mzaha, na limemfungia mzee huyu njia ya kwenda uwanjani. Keshokutwa Jumapili, timu ya Lurambi Rangers itacheza mechi itakayoamua kama inarudi ligi kuu au inabaki ilipo. Mji mzima utakuwa pale. Kinachobaki kujulikana ni kama Elkanah Muhalia atakuwapo na ngoma yake.

Asiyeijua Kakamega anaweza kudhani haya ni mambo madogo. Ni timu tu, na mzee mmoja na ngoma. Lakini Kakamega haijawahi kuomba kuwa Nairobi, na watu wake hawakuzaliwa kushabikia timu za miji ya wenyewe. Lurambi Rangers, wanaoitwa Mafahali na kila mtu isipokuwa watangazaji wa redio, waliingia ligi kuu miaka tisa iliyopita kwa jasho lao, na tangu siku hiyo mji ulibadili namna unavyojitaja.

"Nairobi wana maghorofa, Kisumu wana ziwa, Eldoret wana wakimbiaji," asema Beldina Navalayo, muuza viatu vya mitumba sokoni na mwenyekiti wa mashabiki. "Sisi tulikuwa tunaulizwa, Kakamega kuna nini? Tukaanza kujibu: kuna Mafahali. Njoo Jumapili uone."

Na walioalikwa walikuja. Siku za Ijumaa, makarani wa ofisi za kaunti walivaa jezi ya kijani chini ya koti. Wanafunzi wa chuo kikuu walijaza jukwaa la mashariki. Waislamu wa Mumias walikodi basi na kufika baada ya sala ya adhuhuri, na wahubiri wa mjini walijua mahubiri marefu siku ya mechi ni ya viti vitupu. Familia moja ya wakulima wa miwa huko Musanda iliwahi kusogeza mbele siku ya kupeleka mahari kwa wiki nzima, kwa sababu wakwe wote wawili walikuwa na tiketi.

Juu ya hayo yote kulikuwa na ngoma. Elkanah aliipiga ile kubwa, baba, inayoongoza. Rafiki yake Ignatius Shiundu, fundi wa matofali, alipiga mtoto. Vijana walibadilishana zamu kwenye mama. Kabla ya mechi waliwasha moto wa majani makavu nje ya lango ili kukaza ngozi, na moshi ule ulipoonekana, watu waliokuwa bado sokoni walifunga vibanda.

"Wachezaji walikuwa wanatwambia wakisikia ngoma kutoka mle ndani, miguu inakuwa myepesi," akumbuka Ignatius. "Na wageni walikuwa wanatwambia wakiisikia, tumbo linauma."

Ngoma ya Elkanah ilikuwa ya marehemu baba yake. Gogo lake ni la mti wa mkomari, na ngozi yake ni ya kenge, ya zamani, kabla ya kuwinda kenge kukatazwa. Baba yake hakuipigia mpira. Aliwapigia mafahali wa kweli, wenye pembe.

Hapo ndipo msiba wa Elkanah ulipoanzia.

Katika nchi ya Waisukha na Waidakho, mapigano ya mafahali hufanyika asubuhi na mapema kwenye uwanja wa wazi: Khayega, Malinya, Shinyalu. Hakuna refa, hakuna saa, hakuna kipindi cha pili. Mafahali wawili husukumana kwa pembe mpaka mmoja ageuze mgongo. Akigeuka tu, mambo yamekwisha. Ngoma huingia, watu huingia nyuma ya ngoma, na mshindi husindikizwa mpaka zizini kwa mdundo mmoja ambao haupigwi wakati mwingine wowote. Aliyeshindwa hurudi kwao kimya. Hapigiwi ngoma.

Elkanah alijifunza hayo akiwa amebebwa mabegani. Alipoanza kuwapigia Mafahali wa mpira, aliuleta mdundo ule wa kusindikiza uwanjani. Mechi ikiisha kwa ushindi, alishuka jukwaani akiupiga, mashabiki wakamfuata nyuma, na wachezaji wakasindikizwa mpaka kwenye basi lao. Kwa miaka minane desturi hiyo haikumdhuru mtu. Watoto wa Kakamega walijua mechi imeisha si kwa kipenga bali kwa ngoma ya Mzee Elkanah.

Kisha ikaja ile Jumapili ya Aprili.

Ilikuwa dakika ya themanini na sita. Mafahali walikuwa wakiongoza mabao mawili kwa moja dhidi ya wageni kutoka Bonde la Ufa. Timu ilikuwa imeyumba msimu mzima, na pointi tatu za siku hiyo zilikuwa kama dawa kwa mgonjwa. Wageni wakapachika mpira wavuni, wakakimbia kushangilia, na mshika kibendera akainua mkono. Mfungaji alikuwa ameotea. Refa akalikataa bao.

Wageni walimzonga refa kwa dakika nzima. Kisha nahodha wao akawaashiria wenzake watoke. Mmoja baada ya mwingine waligeuka na kuanza kutembea kuelekea vyumba vya kubadilishia nguo. Ilikuwa hasira ya kupita, ya aina inayoonekana viwanjani mara nyingi. Kocha wao tayari alikuwa anakimbia kuwarudisha.

Elkanah hakumwona kocha.

"Sikuangalia saa. Sikuangalia refa," asema, akiwa ameishika tezo yake kwa mikono miwili bila kuitumia. "Niliona migongo. Migongo kumi na mmoja inaenda. Kwetu fahali akigeuza mgongo ameshindwa, na hakuna kusema ngoja nikunywe maji nirudi. Mkono wangu ulianza kabla mimi sijaanza."

Alishuka jukwaani na ule mdundo. Waliokuwa karibu naye waliona migongo ile ile na kusikia ngoma ile ile, nao wengi wao ni wana wa Isukha na Idakho. Hawakuuliza. Walioketi mbali hawakuona lolote, walisikia ngoma tu, na ngoma ile haikuwahi kuwadanganya. Kwa muda mfupi kuliko wa kusimulia, uwanja ulijaa watu wakicheza.

Nahodha wa Mafahali, beki Phanuel Lumbasi, alimkimbilia mzee akiwa ameinua mikono yote miwili. Alikuwa anapaza sauti, "Kuka, bado! Bado!" Wachezaji wote humwita hivyo, kuka, yaani babu. Lakini aliyebeba isukuti kifuani hasikii kitu kingine. Elkanah aliona mikono iliyoinuliwa, akadhani nahodha anashangilia, akazidi kupiga.

Polisi walichukua dakika arobaini kuwatoa watu. Hakuna aliyepigana na mwenzake, hakuna kilichovunjwa. Lakini katika msongamano ule mchezaji mmoja wa wageni alikanyagwa akateguka kifundo cha mguu, na jua lilikuwa linashuka. Mechi ikavunjwa. Katikati ya nyasi ikabaki ngoma ya ngozi ya kenge, imemdondoka mwenyewe aliposukumwa, na msimamizi wa mechi akaiokota na kuondoka nayo kama ushahidi.

Wiki moja baadaye hukumu ilitolewa. Wageni walipewa ushindi wa mabao matatu bila. Mafahali waliamriwa kucheza mechi mbili za nyumbani mbele ya viti vitupu. Msimu ulipoisha, walishuka daraja kwa tofauti ya pointi mbili.

Tatu zilipotea, mbili zilihitajika. Hesabu hiyo kila mtoto wa shule Kakamega anaijua, na hakuna mwalimu aliyemfundisha.

Mji huu haukumfukuza Elkanah. Hakuna aliyemtupia jiwe, hakuna aliyekuja na rungu. Uliamua kumcheka, na pengine hilo ni zito zaidi. Akienda kusaga mahindi, anayesubiri foleni humuuliza kama mechi imeisha. Akiingia kwa kinyozi, vivyo hivyo. Kanisani, siku mhubiri alipoyarefusha mahubiri, mtu wa kiti cha nyuma alisikika akinong'ona kwamba aitwe Mzee Elkanah aje ayamalize. Hata mhubiri alicheka.

Elkanah naye alicheka siku hiyo. Jumapili iliyofuata alibaki nyumbani.

Kazi haikufa. Shule zinazojiandaa kwa tamasha za muziki bado zinanunua kwake, na seti ya ngoma tatu humpa kati ya shilingi elfu tisa na elfu kumi na mbili. Mwezi mzuri huuza seti tatu. Magogo huyanunua kwenye mashamba ya watu, kwa kibali, kwa sababu msitu una macho. Lakini sherehe za harusi, zilizokuwa zikimlisha Desemba nzima, alimwachia Ignatius. Hataki kupiga mbele ya watu.

"Anachonga vizuri kuliko zamani," asema Maximilla. "Hiyo ndiyo inaniuma. Anazifanya nzuri halafu anazipa watu wengine wazichezee."

Beldina Navalayo hafichi kwamba alikuwa miongoni mwa waliokasirika. Kwa miezi minane hakumsalimu Elkanah. Mfungaji bora wa timu, kijana Ochieng, alichukuliwa na klabu ya Nairobi kwa bei ambayo Beldina anasema hata mbuzi wawili wazuri wangekataa. Nusu ya kikosi ilifuata. Basi la Mumias liliacha kuja. Wanawake waliokuwa wakiuza chapati langoni walirudi sokoni kugombania nafasi.

"Nilikuwa nasema nikimshika, namchoma pamoja na zile ngoma zake," asema Beldina. "Halafu nikaenda mechi ya kwanza ya ligi ya chini. Wameweka spika. Spika inaimba nyimbo za redio. Kuna mtu ameleta tarumbeta ya plastiki. Nikaangalia huku na huku. Uwanja wetu umekuwa kama uwanja wa mtu yeyote."

Alikaa na neno hilo mpaka Desemba. Siku moja kabla ya Krismasi alishuka kwenye pikipiki hapa Ilesi akiwa na kilo mbili za sukari, akaketi kwenye kigogo, wakaongea mambo ya mvua. Kuhusu mechi hawakusema kitu. Mwezi uliopita alikuja tena, safari hii na ujumbe wa wazi: Mafahali wako nafasi ya pili, mechi ya mwisho ni nyumbani, sare itatosha kuwarudisha ligi kuu, na mashabiki wamekaa kikao na kukubaliana kwa sauti moja kwamba wanataka ngoma.

Elkanah alikataa. Sababu yake ameirudia mara nyingi, na inamtoka kama mtu aliyeipima.

"Nikipiga halafu washindwe, watasema mimi ndio mkosi. Nisipopiga halafu washindwe, watasema ni wachezaji. Afadhali hiyo ya pili. Hao vijana wanaweza kucheza tena. Mimi siwezi kurudishwa tena kutoka mahali nitaenda."

Beldina aliondoka. Pikipiki zikaendelea kupita na swali lao.

Jana, Alhamisi, saa kumi na moja jioni, aliyekuja hakuwa Beldina. Alikuwa Phanuel Lumbasi.

Phanuel ana miaka ishirini na minane, mzaliwa wa Bukura, mrefu, mpole wa maneno, na goti lake la kushoto lina kovu refu. Timu iliposhuka alipata mwito wa klabu mbili. Alizikataa zote. Alipoulizwa na redio kwa nini, alijibu kwamba aliyeshusha kitu anapaswa kukipandisha. Tangu Aprili ile, yeye na Elkanah hawakuwa wameonana uso kwa uso.

Aliteremka kwenye pikipiki akiwa amebeba mzigo uliofungwa kwa jezi ya mazoezi.

"Mulembe, kuka," alisema.

"Mulembe," Elkanah alijibu, akabaki amesimama.

Phanuel akafungua ile jezi. Ndani yake kulikuwa na ngoma ya ngozi ya kenge.

Maximilla, aliyekuwa anawasha jiko, anasimulia kwamba mumewe hakuigusa mara moja. Aliizunguka kama mtu anayemwangalia ng'ombe wa kununua. Kisha akauliza kama walikuwa nayo siku zote hizo.

"Ilirudishwa Mei mwaka jana," Phanuel alimwambia. "Imekuwa chini ya benchi langu."

"Mbona hamkuniletea?"

"Ulikuwa unajua njia ya uwanjani, kuka."

Elkanah aliketi. Kwa mara ya kwanza alianza kuomba msamaha, maneno ambayo mkewe anasema amemsikia akiyafanyia mazoezi peke yake huku anachonga: kwamba aliona migongo, kwamba mkono ulimtangulia, kwamba hakuna siku ambayo hajaicheza mechi ile upya kichwani akiwa amekaa kimya jukwaani mpaka kipenga. Phanuel alimwacha aseme nusu, kisha akamkatiza.

"Ile ya Aprili nilikusamehe pale pale. Ulikuwa unatupenda, ukakosea. Hiyo si deni. Lakini ile ya Juni, kuka."

Elkanah alijua mara moja anaongelea nini.

Siku ya mwisho ya msimu ule, Juni mwaka jana, mashabiki walikuwa wameruhusiwa kurudi. Mafahali walihitaji ushindi ili wasishuke, wakatoka sare tasa. Elkanah hakwenda. Siku nzima alipasua kuni nyuma ya nyumba, kuni za kutosha miezi miwili, na redio ilipotangaza matokeo aliingia ndani na kuvua viatu. Alidhani anawafanyia wema. Alidhani hakuna mtu katika uwanja ule angetaka kumwona.

"Tulikaa mle ndani dakika arobaini," Phanuel alimwambia. "Vijana walikuwa wanalia. Nikawaambia tungojeni kidogo, Mzee Elkanah atakuja, hawezi kutuacha tutoke hivi. Ngoma yako nilikuwa nimeitoa chini ya benchi, nimeiweka mlangoni. Hukuja. Tukatoka. Watu walitupisha kama wanapisha jeneza. Miaka minane ulitusindikiza, na siku ile tulihitaji kusindikizwa, tulienda kwa basi peke yetu."

Elkanah alijibu kitu pekee alichokuwa nacho, alichorithi kwa baba yake.

"Fahali akishindwa hapigiwi ngoma."

"Sisi si ng'ombe, kuka."

Baada ya hapo Maximilla alisogea na birika. Aliwamiminia chai. Phanuel akanywa, akashukuru, akasema Jumapili mpira unaanza saa tisa. Hakusema njoo. Alivaa ile jezi aliyofungia ngoma, akaenda zake.

Leo asubuhi, baada ya kumaliza ngoma za wateja, Elkanah anaichukua ile ya baba yake. Mwaka na zaidi chini ya benchi umeilegeza. Ngozi imekunywa unyevu, ukingoni imeingia ukungu mweupe, na mkanda wa kuibebea umetafunwa na panya. Anaufuta ukungu kwa kitambaa. Anawasha moto mdogo wa majani makavu ya mgomba na kuisogeza, si karibu sana, akiizungusha polepole kama mtu anayechoma hindi.

Ni kazi inayompa nafasi ya kusema, na anasema yale ambayo hakuyasema kwa Beldina.

"Watu wanafikiri ninajutia ile siku ya kwanza. Naijutia. Lakini ile ilikuwa makosa ya mkono. Hii ya pili nilifanya na akili yangu. Nilikaa nikafikiria, nikaamua, nikapasua kuni." Anageuza ngoma. "Vijana wananingoja mlangoni na mimi napasua kuni."

Msimu ule hautarudi. Ochieng hatarudi; alifunga mabao kumi na mawili huko Nairobi, na kila bao Elkanah alilisikia redioni. Mfanyakazi aliyekuwa akikata nyasi za uwanja alipunguzwa kazi timu iliposhuka, akarudi kwao kulima miwa. Elkanah anamtaja kwa jina, pamoja na majina ya watoto wake. Hakuna ushindi wa Jumapili utakaoyafuta hayo, na yeye hasemi kwamba utayafuta.

Lakini amefanya uamuzi, na anaueleza kwa utaratibu, kama mtu anayempa fundi vipimo.

Jumapili ataondoka hapa saa nane, kwa miguu. Hataingia jukwaani. Hataki kuona mechi, hataki kuona mgongo wa mtu yeyote. Atasimama nje ya ule mlango ambao wachezaji hutokea kwenda kwenye basi, na ngoma itakuwa chini, si kifuani. Atasubiri mpaka mlango ufunguliwe na Phanuel mwenyewe atoke wa kwanza. Hapo ndipo ataivaa.

Kisha ataupiga ule mdundo wa kusindikiza mpaka basi liondoke. Wakishinda ataupiga. Wakitoka sare ataupiga. Wakishindwa, na hili analisema polepole zaidi, ataupiga vile vile.

Ignatius, aliyefika kuazima kisu, anatikisa kichwa. Anamwambia kwamba jambo hilo halijawahi kufanyika. Tangu babu zao hakuna aliyempigia aliyeshindwa, na wazee wa Khayega wakisikia watasema mpira umemharibu. Anamwambia pia, kwa sababu ni rafiki yake, kwamba mji uliomcheka kwa kupiga kabla ya wakati utamcheka maradufu kwa kupiga baada ya kushindwa.

"Wacheke," asema Elkanah. "Wewe utakuja?"

Ignatius anakipima kile kisu kwa kidole kwa muda. Halafu anasema ngoma yake ya mtoto nayo ngozi imelegea, ataileta ikazwe moto ungali unawaka.

Maximilla ameshaandaa shati. Ni jezi ya zamani ya Mafahali, kijani iliyopauka, na aliitoa ndani ya sanduku jana usiku bila kuombwa. Ameianika kwenye kamba nyuma ya vyungu, mahali ambapo kila anayepita barabarani anaiona.

Ngozi imekaza sasa. Elkanah anaiondoa ngoma motoni, anaifuta jivu, anaiweka gotini. Anainua mkono na kuipiga. Mara moja. Anatega sikio, kama anavyofanya kwa ngoma zote, mpaka mlio ule mzito uishie kwenye mahindi ya ng'ambo ya barabara.

Halafu anapiga mara ya pili, na ya tatu.

Pikipiki inapita, imebeba kreti za soda. Mwendeshaji anaona ngoma gotini, anaona jezi kwenye kamba, na mazoea ni mazoea. Anapunguza mwendo.

"Mzee, mechi imeisha?"

Elkanah anainua kichwa na kumtazama.

"Bado," anasema.